Barua ya wazi kwa mawaziri wa Afrika Mashariki: Vilivyomo makumbusho viandikwe kabla mlango haujavunjwa

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya makumbusho na malikale katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Nakala: Mawaziri wa Fedha, Wakuu wa Majeshi ya Ulinzi, Makamishna wa Forodha

Yah: Makumbusho na watumishi wake wakati wa vita

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mtumishi mstaafu wa makumbusho. Sikuwa mkurugenzi wala mtaalamu wa uchimbaji wa mambo ya kale. Nilikuwa msajili, yule anayepokea kitu kinapoletwa, akakipa namba, akakiandika daftarini na kujua kimewekwa rafu gani. Watu wa kazi hii hawaitwi kwenye vikao vya usalama wa taifa. Naomba tuanze kuitwa, na sababu yangu kubwa ni yaliyotokea Khartoum.

Asubuhi ya Jumamosi, 15 Aprili 2023, Ramadhani ikiwa ukingoni, vita vilizuka kati ya jeshi la Sudan chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na wanamgambo wa RSF wa Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti. Makumbusho ya Taifa ya Sudan yako kando ya mto, karibu na pale Nile ya Buluu na Nile Nyeupe zinapokutana, na mapigano yaliyakuta hapo hapo. Watumishi hawakuweza tena kufika kazini. Jengo lilikuwa limefungwa kwa ajili ya ukarabati, na vitu vingi vilikuwa vimeshatolewa kabatini na kupangwa kwenye masanduku. Aliyewahi kusimamia ukarabati wa makumbusho anajua maana yake: kitu kilichokwisha kufungwa vizuri kwa ajili ya usalama wake, kimeshafungwa vizuri pia kwa ajili ya mwizi.

Juni 2023 zikasambaa video za wapiganaji wa RSF wakiwa ndani ya maabara ya makumbusho, wakifunua masanduku yenye mabaki ya miili ya watu wa kale. Baadaye zikaja habari za malori yaliyopakia na kuondoka. Septemba 2024 UNESCO ikatoa tahadhari kwa wanunuzi na wauzaji wa kazi za sanaa duniani kote wasiguse vitu vya Sudan. Machi 2025 jeshi lilipolitwaa tena eneo hilo, watu wa Shirika la Taifa la Mambo ya Kale na Makumbusho waliingia na kukuta kabati za vioo zimevunjwa, masanduku yako wazi, na chumba maalumu kilichotunza dhahabu kimekombwa. Haya yalikuwa makumbusho yenye makumi ya maelfu ya vitu, kuanzia zana za mawe hadi dhahabu ya wafalme wa Kushi, dola ya kale ya Sudan. Kilichobaki ni kile ambacho mwizi hakukiweza kwa uzito. Ilibaki sanamu ya itale ya Taharqa, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kama Tirhaka, mfalme wa Kushi, katika Wafalme wa Pili sura ya 19. Yalibaki pia mahekalu ya bustanini.

Mahekalu hayo nayo yana habari yake. Mwaka 1960, Misri ilipoanza kujenga Bwawa Kuu la Aswan, ilijulikana kwamba nchi ya Wanubi ingezama pande zote mbili za mpaka. UNESCO ikatoa mwito kwa dunia. Kwa upande wa Sudan, mahekalu ya Buhen, Semna, Kumma na Aksha yalibomolewa jiwe kwa jiwe, yakasafirishwa hadi Khartoum na kujengwa upya chini ya usimamizi wa msanifu majengo Mjerumani, Friedrich Hinkel, kandokando ya mfereji wa maji unaofuata mfano wa mto Nile. Katika kanisa kuu la Faras, wanaakiolojia wa Poland waliokoa zaidi ya michoro 120 ya ukutani ya maaskofu, wafalme na watakatifu wa Nubia ya Kikristo. Mingine ilipelekwa Warsaw, mingine ikabaki Sudan. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971 ili vilivyookolewa kwenye maji vipate makao.

Vilivyookoka maji vikaja kuporwa na watu. Kilichotofautiana ni muda. Bwawa lilitoa taarifa ya miaka kadhaa. Vita vilianza asubuhi moja tu. Ndani ya saa chache huwezi kuandika orodha, huwezi kununua masanduku, huwezi kuombea kibali cha lori wizarani. Unachoweza ni kutekeleza mpango uliokwisha kuandikwa na kufanyiwa mazoezi. Kama haupo, unafunga mlango na kukimbia na watoto wako, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu.

Waheshimiwa, sidai kwamba mpango ungeokoa kila kitu Khartoum. Nasema kwamba tunayo mifano ya watumishi waliojiandaa, na tunajua walichookoa.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Beirut, na naomba mnivumilie niueleze kwa kirefu kwa sababu umejaa vitendo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon vilipoanza mwaka 1975, Makumbusho ya Taifa yalijikuta kwenye mstari uleule uliougawa mji, Beirut ya Mashariki huku na ya Magharibi kule. Mkurugenzi alikuwa Maurice Chehab, na mkewe Olga alishirikiana naye katika kazi hii. Kila mapigano yaliposimama kidogo, walifanya kipande. Vitu vidogo waliviteremsha kwenye ghala la chini ya ardhi, kisha wakaliziba kwa ukuta wa zege pasiwepo pa kuingilia. Picha za vijiwe vya rangi zilizokuwa sakafuni walizifunika kwa plastiki na kumwaga zege juu yake. Sanamu kubwa na majeneza ya mawe, ambayo hayabebeki, yalikingwa kwanza kwa mifuko ya mchanga. Vita viliporefuka, wakayazungushia mbao na kuyajengea zege pande zote. Katikati ya moja ya matofali hayo makubwa lilikuwamo jeneza la Ahiram, mfalme wa Byblos, lenye maandishi ambayo ni miongoni mwa ya kale kabisa ya alfabeti ya Kifoinike.

Kwa miaka iliyofuata wapiganaji waliishi ndani ya jengo lile. Waliandika majina yao ukutani na kuwasha moto sakafuni. Mdunguaji mmoja alitoboa tundu kwenye picha ya vijiwe ya Mchungaji Mwema iliyokuwa ukutani ili apate pa kuchungulia na bunduki yake. Lakini hawakujua kwamba wanakanyaga sakafu za Kirumi, wala kwamba yale mabonge ya zege waliyoyaegemea yalikuwa na wafalme ndani. Vita vilipokwisha, zege likapasuliwa kwa uangalifu na majeneza yakatoka.

Hata hivyo kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo husimuliwa mara chache. Ghala la chini liliingiliwa na maji kwa miaka yote ile, na vingi viliharibika. Tena makombora yaliwasha moto kwenye jengo la pembeni la Idara ya Mambo ya Kale, ukateketeza ramani, picha na kumbukumbu, pamoja na masanduku 45 ya vitu. Watu wale walifanya kazi ya kishujaa kabisa, wakaokoa mawe, karatasi zikaungua. Kwa msajili kama mimi, hapo ndipo penye somo.

Baghdad nitaipitia haraka. Waporaji walipovamia Makumbusho ya Iraq mwezi Aprili 2003, vitu vipatavyo 15,000 viliibwa. Lakini vitu 8,366 vya kwenye kumbi za maonyesho havikuguswa, kwa sababu watumishi walishavihamishia mahali pa siri palipojulikana na watu watano tu, walioapa kwa Qurani kwamba hawatapataja. Kabul hali kadhalika: vipande zaidi ya 20,000 vya dhahabu kutoka makaburi ya Tillya Tepe viliingizwa kwenye hazina ya benki kuu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Omara Khan Massoudi wa Makumbusho ya Taifa na wenzake wachache wakanyamaza, utawala baada ya utawala, mpaka mwaka 2003 ilipotangazwa kwamba bado ipo. Makumbusho yenyewe yalipigwa roketi na kuporwa. Dhahabu iliokolewa na watu waliojua kunyamaza.

Isionekane kwamba nazungumzia nchi za mbali. Somalia iliingia kwenye Jumuiya yetu mwaka 2024. Mogadishu kuna jengo la Garesa, lililojengwa zama za Sultani Barghash wa Zanzibar ili kumweka mwakilishi wake, na Waitalia wakaligeuza makumbusho katika miaka ya 1930. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 vilivyokuwamo vikaporwa. Vile vilikuwa pia vitu vya historia yetu sisi watu wa pwani. Kongo nayo ni mwanachama. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren. Baada ya Mobutu kuangushwa mwaka 1997, ghala la makumbusho kule Mlima Ngaliema liliporwa, na baadhi ya vitu vilevile vilivyorudishwa kwa heshima vikaonekana vikiuzwa ng'ambo. Tangu hapo, kila Mwafrika anapodai vya kwao kutoka Ulaya, hujibiwa kwamba hatuwezi kuvitunza. Jibu hilo linanichoma, kwa sababu waliovichukua hawakuvichukua kwa ajili ya kuvitunza. Lakini kila mara tunapoacha ghala bila ulinzi wala orodha, tunawaongezea hoja. Na sote tuliona Goma ilivyoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Hiyo ni miji inayoamka na kulala kwa Kiswahili.

Sasa naomba mwingie nami ndani ya chumba cha usajili, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kufika.

Kitu kimeletwa, tuseme chungu cha kupikia cha miaka mia moja iliyopita. Unakigeuza taratibu juu ya kitambaa. Kwenye kitako, mahali pasipoonekana kikiwa kabatini, unapaka vanishi safi, eneo lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Unasubiri ikauke. Juu yake unaandika namba kwa wino mweusi na kalamu ya ncha nyembamba, tarakimu ndogo kama za kwenye saa ya mkononi. Ikikauka unapaka vanishi ya pili ili isifutike. Wino haugusi udongo wenyewe, kwa sababu lazima mtu wa kesho aweze kuiondoa bila kuacha doa. Kisha unafungua daftari. Unaandika namba ileile, kijiji kilikotoka, aliyekitoa, tarehe, kimo na upana kwa sentimita. Halafu unaandika kasoro: ufa wa upande wa kulia wa mdomo, sikio moja limemeguka, masizi mpaka nusu ya tumbo. Kasoro ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Vyungu viwili vya mfinyanzi mmoja vinaweza kufanana, lakini havipasuki mahali pamoja. Mwizi anaweza kuikwangua namba yangu kwa wembe. Ule ufa hana la kuufanya. Mwisho unapiga picha, pande zote na kitako.

Chungu hicho kikiibwa leo na kujitokeza baada ya miaka 20 kwenye orodha ya mnada Ulaya au kwenye ukuta wa tajiri wa Ghuba, mwanasheria atauliza swali moja: mnathibitishaje kuwa ni chenu? Ukurasa ule ndio jibu. Bila ukurasa ule, chungu ni cha aliyekishika.

Mfahamu pia kwamba vitu vyetu vikubwa kuliko vyote ulimwenguni vinajulikana kwa namba za watu kama mimi. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu juu ya changarawe huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kilichofukuliwa baada ya hapo ni mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wanasayansi wa dunia nzima humwita KNM-WT 15000. Hiyo ni namba ya usajili ya Makumbusho ya Kenya. Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yanatunza fuvu la Zinjanthropus aliloliona Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Naomba kila waziri amwite mkurugenzi wake amuulize, bila waandishi wa habari kuwapo: leo usiku mambo yakiharibika, kitu cha kwanza kutoka ni kipi, anakitoa nani, kinapelekwa wapi, na ufunguo wa akiba uko kwa nani? Majibu msiyatangaze, yabaki kwa wachache. Lakini yawepo.

Mahali nilipofanya kazi, madaftari yalikuwa ya nakala moja. Yalikaa kwenye kabati la mbao lililokuwa likipigwa dawa ya mchwa. Tuliomba skana kwenye bajeti, ikakatwa. Mwaka uliofuata tukaomba tena, ikakatwa tena, na siku moja ofisa wa fedha akatuuliza kama wageni hulipa kiingilio kuja kuangalia madaftari. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana kazi yake ni kubana matumizi. Alichokosa ni mtu wa juu yake wa kumweleza kwamba daftari lile likiungua, tunabaki na ghala lililojaa vitu visivyo na mwenyewe.

Ombi langu la kwanza ni hilo, nalo si la gharama. Bajeti za nchi zetu nyingi husomwa Juni. Katika bajeti ijayo, kila nchi itenge fungu dogo la kupiga picha kila ukurasa wa kila daftari la usajili katika makumbusho zake zote, za taifa, za wilaya na zile za mashirika ya dini. Simu nzuri, meza yenye mwanga, diski za kutosha, na vijana wawili watatu wa chuo wakisimamiwa na mzee mmoja anayeusoma mwandiko wa zamani. Nakala moja ibaki mahali hapo, ya pili iwekwe mji mwingine, ya tatu iwekwe nchi nyingine mwanachama kwa makubaliano ya siri. Dodoma inaweza kuitunzia Bujumbura, na Kigali ikaitunzia Kampala. Jumuiya inayoweza kuwa na forodha ya pamoja haiwezi kushindwa kutunziana diski.

La pili ni la watu, na hili ndilo linalonikera zaidi. Vita vikianza, mshahara wa mtumishi wa makumbusho hukatika mapema, kwa sababu yuko kwenye wizara inayohesabiwa kuwa ya starehe na michezo. Sudan watumishi wa umma walikaa miezi bila kulipwa. Wanamakumbusho wakatawanyika, wengine Port Sudan, wengine Misri, wengine vijijini kwa ndugu zao. Hebu fikirini mtu anayejua ufunguo uko wapi, anayejua dhahabu iko sanduku la ngapi, ana watoto wanaolia njaa, na kuna mtu mwenye pesa anabisha hodi. Waliokaa kimya katika hali hiyo walikuwa wameubeba mzigo wa taifa zima, na taifa halikuwapa hata nauli. Wekeni kwenye sheria kwamba msajili, mhifadhi, mtunza ghala na mlinzi wa makumbusho ni watumishi wa dharura, mishahara yao iendelee kutoka wakati wa vita, na familia zao zimo kwenye orodha ya kuhamishwa. Mlinzi msimsahau. Mara nyingi mlinzi wa usiku, anayelipwa kidogo kuliko wote na kampuni ya nje, ndiye anayebaki peke yake na ghala zima.

Najua kuna swali mnalolishika mkononi tangu mwanzo wa barua hii. Watu wanakufa, mamilioni ya Wasudani wamelala nje ya makwao, na mzee huyu anaandika habari za vyungu. Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Hakuna chungu, dhahabu wala fuvu lenye thamani ya maisha ya mtu mmoja. Mkurugenzi akimwambia mlinzi wake abaki afie mlangoni, mkurugenzi huyo ametenda uovu. Khaled al-Asaad aliongoza mambo ya kale ya Palmyra, Syria, kwa takriban miaka 40. Wapiganaji wa kundi linalojiita Dola ya Kiislamu (IS) walipouteka mji huo mwaka 2015 alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na alikataa kuondoka. Walimshikilia, wakamhoji, na mwezi Agosti wakamuua hadharani. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini sitaki mwingine. Nataka makumbusho ambayo mtumishi wake anaweza kuondoka siku ya kwanza akijua kwamba vya thamani vimeshahamishwa, nakala ziko salama nje ya mji, na hakuna alichobaki nacho kichwani ambacho mtu atamtesa ili akipate. Maandalizi ninayoyaomba yanamlinda mtu kwanza.

Na hao wanaolala nje ya makwao, siku moja watarudi. Mtoto wa Darfur atakayerudi El Fasher akute kasri ya Sultani Ali Dinar, iliyokuwa makumbusho, imepigwa na kuungua, atauliza kabla ya vita palikuwa na nini. Katika vita ambavyo watu wanauawa kwa kabila lao, kuharibu ushahidi kwamba watu hao walikuwa na dola, mahakama na maandishi ni sehemu ya mauaji yenyewe.

La tatu nawaelekeza Wakuu wa Majeshi. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954, pamoja na itifaki yake ya pili ya mwaka 1999, unakataza kushambulia makumbusho, maktaba na majengo ya kumbukumbu. Unakataza pia jambo ambalo wanajeshi wetu wanaweza kulitenda wakidhani wanalinda: kuweka bunduki juu ya paa la makumbusho, kuegesha magari ya deraya bustanini, kulaza kikosi kwenye kumbi. Ukishafanya hivyo umempa adui sababu ya kupiga. Nchi ambayo haijaridhia mkataba huo na itifaki zake iuridhie. Iliyoridhia iufundishe vyuoni mwa kijeshi, kwa Kiswahili, mpaka koplo aelewe. Alama ya ngao ya buluu na nyeupe inayotambulisha majengo yanayolindwa ichorwe kwenye ramani za jeshi tangu wakati wa amani. Na kila kamanda ajue kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kubomoa makaburi ya mawalii na kuharibu mlango wa msikiti Timbuktu, Mali. Alifungwa kwa majengo peke yake. Kwa hiyo hoja kwamba haya si makosa ya kivita imekwisha kufa mahakamani.

Limebaki moja, nalo haliwezi kusubiri bajeti. Vitu vya Sudan vinasafiri sasa hivi. Sudan imepakana na Sudan Kusini, na Sudan Kusini ni mwanachama wetu. Kutoka Juba barabara inashuka Nimule, inavuka Elegu kuingia Uganda, inafika Malaba na Busia, na mwisho wake ni Bandari ya Mombasa. Viwanja vya ndege vya Entebbe na Nairobi viko karibu na njia hiyo. Sina ushahidi wa kumtuhumu mtu yeyote katika njia hiyo. Ninachojua ni kwamba bidhaa ya magendo hufuata barabara zilizopo, na ofisa wa forodha wa Elegu anayejua kutambua pembe ya ndovu kwa kuigusa hajawahi kuoneshwa picha ya ushabti, zile sanamu ndogo za mfano wa mtu ambazo wafalme wa Kushi walizikwa nazo kwa mamia. Zinaingia mfuko wa koti. Akikuta kumi kwenye begi la mfanyabiashara ataambiwa ni mapambo ya kuuzia watalii, na atagonga muhuri.

Tunao watu wa kumfundisha. Uganda na Kenya zimewapokea wakimbizi wengi wa Sudan, na miongoni mwa waliokimbia vita hivi wamo wanaakiolojia, wahifadhi na wasajili. Wengine wamevishika vitu hivi kwa mikono yao na wanazikumbuka nyufa zake. Kamishna wa Forodha wa Uganda na mwenzake wa Kenya wawatafute watu hao kupitia mashirika ya wakimbizi na vyuo vikuu, wawape vibali vya kazi, meza na mshahara, na wawapeleke Elegu, Malaba, Mombasa na viwanja vya ndege kuwafundisha maofisa wetu. Kitakachokamatwa kifungwe, kisajiliwe kwa jina la Sudan, kitunzwe kwenye makumbusho zetu kama amana, na kirudishwe Khartoum makumbusho yatakaposimama tena. Wasajili wa kuipokea amana hiyo wapo, nasi wastaafu mkituita tutakuja.

Wenu mtiifu,

Msajili mstaafu wa makumbusho, Pwani ya Afrika Mashariki